Mama Msumari: Alibomoa nguzo zake, leo ana muhuri

SAA kumi na mbili na robo asubuhi, mafundi kumi na wanne wamekaa juu ya mifuko mitupu ya saruji wakinywa chai. Kokoto imeshushwa, mchanga umechekechwa, mashine ya kuchanganyia zege imejazwa mafuta, lakini hakuna anayeigusa. Wanamsubiri mwanamke mmoja aliyepiga magoti pembeni ya nguzo, kurunzi mdomoni, akihesabu nondo kwa kidole kama mama anayehesabu watoto baada ya safari.

Anahesabu mara ya kwanza. Anarudia. Kisha anaitoa kurunzi mdomoni na kuuliza, bila kupandisha sauti, nani alifunga zile ringi za chuma zinazoshika nondo za nguzo ya kona.

"Mimi, Mama," anajibu fundi mmoja, kikombe kikiwa hewani.

"Mbili hazipo."

"Nilidhani zinatosha."

"Na mimi nilidhani umezifunga zote. Tumekosea wote wawili. Malizia chai yako, kisha kaongeze."

Wenzake wanacheka, naye anacheka, lakini chai haimalizi. Anaiweka chini na kupanda ngazi. Hapa panajengwa wodi ya wazazi ya ghorofa mbili, na kila mmoja eneo hili anajua kwamba zege halimwagwi mpaka Mama Msumari aseme limwagwe.

Si ubabe. Ni sheria. Kwenye ubao uliopigiliwa karibu na stoo pamebandikwa mchoro wa jengo, na chini yake, kona ya kulia, kuna muhuri wa duara wa bluu wenye namba ya usajili. Muhuri huo unasema kwamba aliyechora mchoro ule ni mhandisi mtaalamu, na kwamba jengo likianguka, yeye ndiye wa kuulizwa. Una umri wa miezi saba tu. Mwenyewe ana umri wa miaka arobaini na mitano, na alianza kuutafuta akiwa na kumi na tisa, ingawa wakati huo hakujua kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Zege la kwanza linatoka. Mama Msumari analijaza kwenye koni ya chuma, analishindilia kwa fimbo, anainyanyua koni taratibu na kutazama lundo linavyojikalia. Likilala chapachapa, maji yamezidi. Likisimama kama askari, yamepungua. Leo linakaa vizuri, kama mtu mzima aliyekaribishwa kiti. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na viatu vyeupe kwa ujinga wake mwenyewe, anasogea kuona kwa karibu na kuzama hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Hicho kiatu sasa ni mali ya mradi," anasema nyapara, mzee mwenye mabega mapana aliyefanya kazi na Mama Msumari kwa miaka minne. Mafundi wanafurahi kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

Zege hilohilo hujazwa pia kwenye kalibu ndogo za chuma, zikatoka kyubu, yaani vipande vya mraba vya sentimita kumi na tano kila upande. Baada ya siku ishirini na nane kyubu hizo hupelekwa maabara na kukandamizwa na mashine mpaka zivunjike. Zikivunjika kwa nguvu inayotakiwa, nguzo zilizotokana na zege hilo ziko salama. Zikivunjika mapema, kuna kazi ya kufanya, tena kazi chungu.

Saa chache baadaye, kyubu zikiwa zimeanza kukaza, ndipo jina la mwanamke huyu linapojieleza. Kwenye kifungo cha ovaroli yake umening'inia msumari wa inchi nne, umefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Anauchukua na kuchora juu ya kila kyubu tarehe na namba ya nguzo, polepole, herufi kubwa za mtoto wa darasa la kwanza.

"Watu wanadhani nilikuwa seremala," anasema. "Seremala wapi? Huu msumari ni jeraha."

ALIANZA kwa ndoo. Baba yake alipofariki, akiwa ndiyo kwanza amemaliza shule, alipata kibarua cha kumwagilia zege. Zege jipya linataka maji kila siku ili lisipasuke, na mtu wa kulimwagilia hahitaji cheti. Ujira wa siku ulitosha kilo mbili za unga na nauli ya kwenda. Kurudi, kilomita tisa, alirudi kwa miguu.

"Nilikuwa namwagilia kitu nisichokijua," anakumbuka. "Siku moja nikamuuliza injinia, hivi hili linakunywa maji linapeleka wapi? Wengine wakacheka. Yeye akakaa chini akanieleza nusu saa nzima. Nikasema, kumbe kuna watu wanalipwa kwa kujua hivi."

Alimwagilia miaka minne. Akaingia chuo cha ufundi, akatoka fundi sanifu, akafanya kazi miaka kumi na miwili. Sita ya mwisho alisoma digrii ya jioni, akitoka eneo la ujenzi na vumbi kichwani na kuingia darasani akiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu. Wakati huo ameshaolewa na fundi cherehani, wana watoto wawili, na mama mkwe wake anaishi nao.

Mumewe tulimkuta dukani kwake, chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka kona. Ni mtu wa maneno.

"Mimi nikikata kitambaa vibaya, suruali inakuwa kaptula, mteja ananuna, maisha yanaendelea," anasema huku mguu ukiendelea na kazi. "Huyu mwenzangu akikosea, watu wanafukiwa. Ndiyo maana nilipomwoa nilijua usingizi wake ni mwepesi."

Digrii peke yake haikumpa muhuri. Mhitimu lazima afanye kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, aandike kila alichofanya kwenye madaftari, atunge ripoti, kisha akae mbele ya jopo la wahandisi watano wamhoji. Mpaka siku hiyo, michoro yake inasainiwa na wengine. Alikuwa kama mpishi ambaye chakula chake kinapelekwa mezani na mtu mwingine.

Mwaka wa pili baada ya kuhitimu ndipo ikaja ile habari ya chaki.

Walikuwa wanajenga shule ya ghorofa. Nguzo nane za chini zilimwagwa kwa siku nne, mbili kila siku, na kila siku zilitolewa kyubu tatu. Jumla kumi na mbili. Yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kuziwekea alama. Rangi ya kuandikia iliisha siku ya kwanza, Jumatatu, akaamua atumie chaki kwanza, rangi atanunua. Kyubu zikapangwa chini ya magunia mabichi. Alhamisi ikanyesha mvua ya kufa mtu, banda likafurika, na Ijumaa asubuhi akazikuta kyubu zote kumi na mbili zimechanganyika, zimeoga, hazina jina.

"Nikajiambia, saruji ni ileile, mafundi ni walewale, zote zitafaulu. Sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye chaki."

Siku ya ishirini na nane, maabara ikatoa majibu. Kyubu tisa zilifaulu. Tatu zilivunjika hata nusu ya nguvu inayotakiwa hazijafika. Tatu ni kazi ya siku moja. Siku moja ni nguzo mbili. Lakini zipi, kati ya nane? Hakuna aliyejua, na juu ya nguzo hizo mbao za ghorofa ya kwanza zilikuwa zimeshafungwa, tayari kubeba tani na tani za zege.

Bosi wake wa wakati huo alikuwa na jibu jepesi. Alimwita pembeni na kumwambia aandike kwamba kyubu zile tatu zilitokana na msingi wa uzio. Uzio haubebi mtu.

"Alinipa na kalamu," anasema Mama Msumari. "Kalamu nzuri, ya wino. Nikaishika. Sitasema uongo, niliishika kwa muda. Nikafikiria watoto wangu wanakula nini. Halafu nikafikiria darasa liko juu, lina watoto hamsini wa watu wengine."

Kwa kalamu hiyohiyo akaandika barua ya kusimamisha kazi, akampelekea mhandisi aliyekuwa anamsimamia. Nguzo zote nane zikatobolewa na kutolewa sampuli. Mbili za upande wa ngazi zilikutwa dhaifu. Baadaye ilibainika kwamba saruji ya siku ile ilikuwa imelowa stoo. Akasimama pale, siku nzima, akitazama nyundo zikibomoa nguzo alizozisimamia mwenyewe. Mradi ulichelewa wiki saba. Ijumaa ya wiki ya nane aliambiwa asirudi.

Kwa miezi kumi na moja mhandisi huyu alishona vifungo dukani kwa mumewe. Mumewe anakiri kwamba havikuwa vizuri. "Vilikuwa imara kupita kiasi. Mtu akitaka kufungua shati aite fundi."

BAADAYE kampuni ya kujenga matangi ya maji ilimchukua, akaendelea kujaza madaftari yake, na akiwa na miaka arobaini na mitatu akaitwa kwenye usaili. Ripoti yake ilikuwa nene na safi. Matangi, makalavati, kuta. Shule haikuwemo. Barua ya kusimamisha kazi haikuwemo. Aliona aibu, na aliogopa kwamba hakuna jopo duniani litakalompa muhuri mtu aliyechanganya kyubu.

Mjumbe mmoja akafungua madaftari na kuuliza kuhusu pengo la miezi kumi na moja.

"Nilisema nilikuwa naumwa mgongo."

"Miezi kumi na moja?"

"Ndivyo na yeye alivyoniuliza." Anafunika uso kwa mkono wenye saruji, anacheka mpaka anatoa machozi. "Nikamwambia ulikuwa mgongo mbaya sana."

Matokeo yalikuja kwa barua ya mistari minne. Uzoefu wake haukuthibitishwa. Anaweza kujaribu tena baada ya mwaka.

Siku hiyo hakula. Aliyemwinua si mumewe wala msimamizi wake, bali mama mkwe, bibi wa miaka themanini na mmoja ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alimfuata chumbani, akakaa kitandani, akamtaka amweleze kila kitu tangu mwanzo. Alipomaliza, bibi akamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kwani wale wazee wanatafuta mtu asiyekosea? Si waende makaburini. Huko wamejaa."

Mwaka uliofuata akarudi mbele ya watu walewale watano. Safari hii sura ya kwanza ya ripoti ilikuwa shule. Majibu ya maabara, barua, picha za nguzo zikibomolewa, vyote vilikuwemo. Yule bosi wa zamani hakumpa hata mstari mmoja wa kumthibitisha; mhandisi aliyekuwa anamsimamia, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyesaini.

Mwenyekiti wa jopo alisoma, kisha akamuuliza swali moja. Nani alikosea?

Angeweza kuitaja mvua, au mtu wa stoo, au saruji. Majina yote yalikuwepo kwenye faili.

"Nikasema, mimi. Rangi iliisha Jumatatu. Duka la rangi lilikuwa mita mia mbili kutoka getini. Sikwenda."

Mwenyekiti akauliza siku hizi anatumia nini. Akafungua mkoba, akatoa msumari, akauweka juu ya meza yao yenye kioo. Mzee akautazama, akatikisa kichwa, akasema, "Ama kweli, usipoziba ufa..."

Hapa msomaji anahitaji kujua jambo moja. Kwenye kila eneo la ujenzi analosimamia Mama Msumari, methali ya ufa na ukuta imepigwa marufuku. Ameisikia mno: kwenye harusi, kwenye mikutano, kwa wapangaji, kwa kila mgeni anayegundua kwamba yeye ni mhandisi. Anayeitamka hununua soda, awe fundi au mwenye jengo. Kwa hiyo kabla hajajizuia, mdomo wake ukasema, "Mheshimiwa, hiyo soda."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Ikabidi nieleze. Walivyocheka sikujua kama ni heri au shari."

Ilikuwa heri. Watu ishirini na saba walihojiwa siku zile. Waliofaulu ni kumi na mmoja, wanawake wawili. Barua ilifikia dukani, na mumewe, ambaye hajawahi kufungua barua ya mkewe, aliikalia kwa muda wa saa tano, kwa mateso makubwa, mpaka mwenyewe aliporudi. Siku ya kula kiapo, mwenyekiti alishuka jukwaani na chupa ya soda mfukoni mwa koti.

"Wengi hutuletea ripoti isiyo na doa," mwenyekiti huyo alituambia kwa simu. "Mimi nimejenga miaka thelathini na nane. Mtu asiye na doa, ama hajajenga, ama hajakagua alichojenga. Yule mama alikagua."

SAA tisa alasiri, zege la leo likiwa limekwisha na kyubu zake zimeandikwa, Mama Msumari anavua buti na kutukaribisha nyumbani, mtaa wa pili. Mshahara wake umepanda karibu nusu tangu apate usajili, lakini nyumba bado ni ileile ya vyumba vitatu, na mfinyanzi hulia gaeni: kwa miaka yote hiyo, mlango wa mbele wa mhandisi ulikuwa na matofali mawili yaliyopangwa kama ngazi. Bibi, ambaye goti lake la kushoto lilimgomea miaka sita iliyopita, alikuwa hapandi bila kushikwa pande zote mbili.

Sasa mbele ya mlango huo kuna ngazi tatu mpya za zege, pana, fupi, na kando yake bomba la kushikilia. Juu ya ngazi ya kwanza umelazwa ubao kuzuia watu. Familia nzima inapita mlango wa nyuma.

Muhuri ulipofika, anaeleza, bibi alitaka upigwe kwenye karatasi ili akae nayo. Mkwewe akakataa. Muhuri haupigwi kwenye karatasi tupu, alimwambia, muhuri ni ahadi. Bibi naye akamjibu, basi chora kitu. Hivyo mchoro namba moja wa mhandisi huyu si tangi wala wodi. Ni ngazi tatu, zimepigiwa hesabu kamili, na vipimo vyake vimechukuliwa kwenye mguu wa mwanamke mmoja, kiasi goti linavyoweza kukunjika. Mchoro ulipata muhuri miezi saba iliyopita. Mafundi wamepatikana mwezi huu, kwa sababu kila walipotafutwa walikuwa kazini kwa mwenye mchoro.

Kwenye ndoo ya maji chini ya dirisha kuna kyubu tatu. Mbili zina tarehe. Ya tatu ina mstari mmoja mrefu uliopinda kidogo. Huo aliuchora bibi kwa mkono wake, na msumari aliazimwa kwa masharti.

"Leo siku ya ishirini na sita," anasema bibi kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha. Hajaulizwa. "Kesho kutwa wanazipeleka zikavunjwe."

"Mama, ngazi tatu tu," mwanawe anamtania, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Ungepanda tangu wiki ya kwanza. Nimeolewa na sheria hapa."

Mama Msumari hamjali. Anazungumzia mipango yake: mwakani anaruhusiwa kuwasimamia wahitimu, na wawili wameshaomba. Atawapa daftari kama alilopewa yeye, ila ukurasa wa kwanza utakuwa wa kosa lao la kwanza, na hawatafungua wa pili mpaka huo ujae. Shule ile imekamilika. Huenda kuiona kila mwaka, anasimama getini kama mzazi aliyechelewa, anatazama watoto wakiegemea nguzo mbili za upande wa ngazi wakisubiri kengele. Hakuna anayemjua pale. Mwandishi wa makala haya hakuona haya kufuta macho.

Kabla ya kuaga, ilibidi tuulize. Na kyubu zikishindwa hiyo kesho kutwa?

Mama Msumari anafungua mdomo, lakini mama mkwe wake anamwahi.

"Atabomoa," anasema bibi, na anasema kwa fahari, kama mtu anayetaja mali yake. "Namjua huyu. Ndiyo maana zikifaulu, nitapanda peke yangu."